Safari ya Kupanda Kichuguu

Naapa, na nikisema uongo meno yangu matano yaliyosalia yang'oke kabla ya chakula cha jioni, kwamba haya ni kweli tupu tangu neno la kwanza hadi la mwisho. Sijatia chumvi hata punje. Msomaji akifika mahali akaona mambo yamezidi, ajue hapo ndipo nilipopunguza.

Kulikuwa na nchi, na bado ipo, maana nchi za namna ile haziishi upesi. Jina lake nalihifadhi. Atakayesema inafanana na nchi yake, hilo ni baina yake na nchi yake, mimi simo.

Nchi ile ilikuwa bapa kama sinia. Ilikuwa na kilima kimoja tu, nacho chenyewe hakikujijua kama ni kilima. Watu wakakiita Kichuguu. Mbuzi walikipanda bila kuhema. Bi. Nyamizi, mfinyanzi wa vyungu aliyekaa chini yake, alikuwa akiinjika maharage jikoni, anapanda juu, anafagia kaburi la mama yake, anang'oa magugu, anamwelezea mama habari za majirani moja baada ya moja, kisha anashuka na kukuta maharage bado magumu. Alikuwa na miaka sitini na tatu, mikono mipana, na ulimi ambao mtaa mzima uliupisha njia.

Sasa nieleze jinsi Kichuguu kilivyorefuka.

Katika nchi ile hakuna mtumishi wa serikali aliyethubutu kumpelekea mkubwa wake tarakimu kama alivyoipokea kutoka kwa mdogo wake. Ingekuwa sawa na kumwandalia mgeni kiporo cha juzi. Tarakimu lazima iongezwe kidogo, ipashwe moto, itiwe nazi, ndipo ipande meza ya juu. Nyongeza hiyo ilikuwa na jina lake rasmi, ikiitwa heshima. Mkubwa akipokea faili alikuwa haulizi kama ni kweli. Aliuliza, "Umetia heshima?" Ndiyo maana mahindi ya nchi ile yalikuwa mengi kuliko ya bara zima, na wananchi walipolala njaa, redio iliwafafanulia kwamba tatizo lao ni kukosa mahali pa kuweka shibe.

Basi mpima ardhi alikuja na kamba yake, akapima Kichuguu, akapata mita arobaini na moja. Akaandika hivyo hivyo, maskini, ndiyo kwanza ameajiriwa. Mtendaji wa kata akaona haya kupeleka arobaini na moja, akaandika tisini. Katibu tarafa akaandika mia mbili na kumi. Mkuu wa wilaya hakupenda ionekane wilaya yake ina kilima cha kupandwa na wazee, akaandika elfu moja. Meza zilikuwa kumi na moja, na kila meza ilikuwa na adabu zake. Tarakimu ilipofika kwa Mkuu wa Nchi, Kichuguu kilikuwa na mita elfu tano mia tisa na tatu. Zile tatu za mwisho aliziongeza karani wa Ikulu, ili isionekane watu wamekisia.

Mkuu wa Nchi alifurahi sana. Alitangaza kwamba taifa limebarikiwa mlima. Siku hiyo hiyo ikaundwa Wizara ya Miinuko, ikapewa waziri, magari, na sheria ya milima mirefu yenye vifungu mia na themanini. Kichuguu kikazungushiwa kamba nyekundu chini kote, na askari wenye bunduki wakapangwa kando ya kamba.

Bi. Nyamizi hakujua lolote kati ya hayo mpaka Jumanne asubuhi, alipokuta karatasi imebandikwa kwenye mlango wake kwa gundi isiyobanduka. Ilisema makaburi yote yaliyo kileleni yanahesabiwa hayana wenyewe. Ndugu anayedai kaburi afike kileleni kwa miguu yake, na mbele ya afisa wa serikali atie dole gumba katika Daftari la Wafu, kabla ya saa kumi jioni ya Ijumaa. Kaburi lisilodaiwa litafukuliwa, mabaki yahamishiwe "mahali pengine panapofaa," na kilele kijengwe Hoteli ya Mawinguni kwa faida ya wote.

Akaisoma karatasi hiyo mara mbili. Kisha akaacha udongo wake umelowekwa, akachukua fagio, akaelekea Kichuguu.

Kwenye kamba askari alimwuliza anakwenda wapi.

"Kwa mama," alisema.

Askari akataka kibali. Bi. Nyamizi akamwambia kwamba yeye na mama yake hawakuwahi kuandikiana kibali hata siku alipokuwa tumboni. Askari akaikoki bunduki, taratibu, kama mtu anayefungua chupa ya soda. Hivyo ndivyo Bi. Nyamizi alivyofika Ofisi ya Vilele, huku fagio liko mkononi.

Ofisi ilikuwa mkabala na kilima, hatua hamsini hivi. Mkurugenzi Msaidizi wa Vilele, Bwana Ngwandu, alikuwa mtu mnene mwenye sauti laini, aina ya sauti inayotumika kumwambia mtu nyumba yake itabomolewa. Alikuwa amevaa koti zito la baridi na glavu. Jasho lilikuwa likimtiririka mpaka kwenye kidevu na kudondokea faili.

Akamweleza kwa upole kwamba mlima una mita elfu tano mia tisa na tatu, na mtu wa umri wake akikurupuka kuupanda damu humchemka kichwani. Sheria inataka apimwe na daktari, apewe kiongozi, abebe gesi ya kupumulia, na alale kambi nne ili mwili uzoee. Safari ya kupanda tu, bila kushuka, ni siku sita.

Bi. Nyamizi akanyoosha fagio dirishani. "Mwanangu, kilima kile pale. Yule mbuzi juu yake namwona mpaka ndevu."

Bwana Ngwandu aliinuka, akavuta pazia, akarudi kuketi. "Sasa unaona nini?"

"Naona pazia."

"Basi turudi kwenye faili."

Bi. Nyamizi akahesabu kwa vidole. Leo Jumanne. Wakiondoka kesho, siku sita zinaishia Jumatatu, na makaburi yanafukuliwa Ijumaa. Akamtazama yule mnene kwa muda, kama anavyotazama chungu chenye ufa kabla ya kukivunja.

"Nani aliandika Ijumaa?"

"Mimi."

"Na hizo siku sita?"

"Mimi vilevile, mama. Ila kwa kalamu tofauti."

Pale pale Bi. Nyamizi alielewa kwamba mtu huyu si mjinga. Mjinga angemsamehe. Akauliza kama Daftari la Wafu analo. Analo, akaambiwa, na litapanda na msafara, mikononi mwake mwenyewe, maana dole gumba lisiloshuhudiwa na afisa ni uchafu tu wa karatasi. Akauliza msafara ukikaza mwendo utafika lini. Bwana Ngwandu akacheka kidogo kwa huruma, akagonga muhuri, akamwambia mlima haukaziwi mwendo.

Bi. Nyamizi alikuwa na kitu kimoja tu cha kufanya, naye akakifanya. Akatia sahihi fomu zote ishirini na mbili. Ile iliyouliza jina la mtu wa kuarifiwa iwapo atafariki, akaandika jina la Bwana Ngwandu.

Msafara uliondoka Jumatano saa tatu asubuhi, watu thelathini na mmoja. Walikuwapo wapagazi na mpishi na mpishi msaidizi na mpiga picha na Daktari wa Miinuko, ambaye kabla ya uteuzi alikuwa akichanja ng'ombe. Bendi ya polisi ilipiga wimbo. Bwana Ngwandu alihutubia kamba nyekundu kwa dakika arobaini, akaitaja "mlango wa mbingu za taifa," kisha akainyanyua wapite chini yake.

Wakapanda hatua kumi na mbili.

"Kambi ya Kwanza," alitangaza Bwana Ngwandu, akaketi kwa kishindo.

Hema zikasimikwa. Ilikuwa amri kupumzika saa ishirini na nne. Bi. Nyamizi alikaa juu ya jiwe akatazama nyumba yake, iliyokuwa karibu kiasi kwamba alimwona kuku wake akiingia jikoni, akamfukuza kwa kelele, na kuku akasikia, akatoka. Daktari alipita hema kwa hema akiwapima watu mapigo ya moyo na kuwakumbusha kwamba katika kimo hiki mtu husikia kizunguzungu. Waliosema hawasikii waliandikwa majina pembeni, kwa wino mwekundu. Alipofika kwa Bi. Nyamizi akamwuliza anajisikiaje.

"Najisikia kama mtu aliyekaa uani kwake na wageni asiowapenda."

Daktari akaandika: anaweweseka.

Alhamisi wakapanda hatua kumi na nne nyingine, wakapiga Kambi ya Pili. Hapo watu walivalishwa mitungi ya gesi mgongoni. Jua lilikuwa linachoma hata mawe yanalia, na watumishi wale wa umma walikuwa ndani ya makoti ya sufu, wamefunga skafu, wanatetemeka kwa baridi ya kikanuni. Kuumwa kichwa kulikuwa lazima, na kulikuwa na fomu yake. Bwana Ngwandu alitapika saa saba na robo kama ratiba ilivyoagiza, akajifuta, akauliza kama mpiga picha amepata.

Mchana ule mbuzi mweupe alishuka kutoka kileleni, akapita katikati ya hema, akala ukurasa wa ratiba, akaendelea na safari yake. Watu wote thelathini waligeuza nyuso. Jioni Bi. Nyamizi alichungulia kitabu cha kumbukumbu za msafara akakuta pameandikwa kwamba barafu kubwa imeporomoka, hakuna aliyeumia.

Alicheka, lakini kicheko hakikufika tumboni. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mama yake, aliyemfundisha kukanda udongo na kumpiga makofi kila alipoharakisha moto, alikuwa juu pale, hatua tisini hazifiki, na watu hawa walikuwa wanampokonya huku wanacheza mchezo wa kitoto. Usiku hakulala. Alimsikia Bwana Ngwandu akikoroma bila gesi.

Ijumaa asubuhi walifika Kambi ya Tatu, hatua tisa. Kwenye faili hapo palikuwa mita elfu nne, na kifungu cha mia na kumi kilisema kwamba kuanzia kimo hicho afisa wa daraja la kati na kuendelea hupoteza fahamu. Asiyepoteza atahojiwa kwa nini haiamini tarakimu ya Mkuu wa Nchi. Saa sita mchana Daktari akapuliza filimbi. Wakazimia wote. Wengine walizimia vibaya, wakaanguka juu ya vyungu vya mpishi. Bwana Ngwandu aliangalia kwanza pa kuangukia, akatandika koti, akaweka Daftari la Wafu chini ya kichwa kama mto, akazimia.

Saa saba ikapita. Saa nane ikapita. Bi. Nyamizi akaenda kupiga magoti kando yake, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mwanamume yeyote, hata marehemu mumewe.

"Mwanangu Ngwandu. Nakuomba. Amka twende, ni hatua themanini. Nitie dole gumba, ushuhudie, urudi uzimie hata mwezi mzima."

Bwana Ngwandu hakufungua macho. "Nimezimia, mama. Kumsemesha afisa aliyezimia ni kosa. Kifungu cha mia na kumi na mbili."

"Na wewe mama yako yuko wapi?"

Bwana Ngwandu alikisogeza kichwa vizuri juu ya daftari. Kisha yule aliyezimia akasema kwamba mama yake alizikwa mjini, mahali pazuri, pamepimwa.

Bi. Nyamizi hakuomba tena. Alivua kiatu cha Bwana Ngwandu mguuni, akakinyanyua kile kichwa kwa mkono mmoja kama anavyonyanyua chungu kibichi, akachomoa daftari kwa mkono wa pili, akakiingiza kiatu mahali pake. Bwana Ngwandu alinusa, akakunja uso, lakini mtu aliyezimia hawezi kulalamika. Yule mama akatia daftari kwapani, akachukua fagio lake, akapanda hatua themanini bila kusimama hata mara moja.

Kileleni alikuta harusi, au kitu kinachofanana na harusi. Turubai la mistari lilikuwa limefungwa, viti vimevishwa vitambaa, soda ziko kwenye barafu. Gari refu jeusi la wizara lilikuwa limeegeshwa hatua tano kutoka kaburi la mama yake, maana upande wa nyuma wa kilima, usioonekana kutoka ofisini, palikuwa pamechongwa barabara ya lami. Katika faili la Bwana Ngwandu palikuwa mita elfu tano mia tisa na tatu. Katika faili la pili, lile la wenye hoteli, palikuwa "mwinuko mwepesi, dakika nne kwa gari kutoka barabara kuu." Vibarua wawili walisimama na sururu wakisubiri saa kumi. Chini ya turubai aliketi Waziri wa Miinuko, amenyoosha miguu juu ya jiwe.

Jiwe lile lilikuwa la kaburi.

Bi. Nyamizi hakusalimia. Alikwenda moja kwa moja, akalifungua daftari juu ya nyasi, akapaka dole gumba masizi yaliyokuwa kwenye mkunjo wa kanga yake, akaligandamiza mahali palipoandikwa jina la mama. Kisha akalipeleka daftari kwa Waziri ashuhudie.

Waziri alilitazama bila kuligusa. Alikuwa mtu mtanashati, mwenye tabasamu la kwenye bango. "Mama, mimi sipo hapa. Soma ratiba ya wizara. Leo Ijumaa niko ofisini mjini. Na wewe uko Kambi ya Tatu, utafika hapa Jumatatu, Mungu akipenda. Sasa watu wawili ambao hawapo watashuhudia nini?"

"Kama sipo, mbona unanisemesha?"

Tabasamu likapungua kidogo. Waziri akamwita katibu wake, kijitu chembamba chenye vifungu vyote mia na themanini kichwani, akamwuliza sheria inasemaje juu ya mtu anayejileta kileleni bila kibali cha Kambi ya Nne. Katibu akafumba macho, akapekua ubongo, akasoma kwamba mtembea kwa miguu yeyote atakayeonekana juu ya mita elfu tano na mia tano bila mtungi wa gesi, mtu huyo amefariki.

"Amefariki?" Waziri akarudisha miguu yake juu ya jiwe, amefurahi waziwazi. "Basi mambo yamekuwa mepesi. Marehemu hatii dole gumba. Andika cheti."

Cheti kikaandikwa pale pale juu ya kreti la soda. Sababu ya kifo, kukosa pumzi. Waziri akatia sahihi, akasahau kwamba hayupo. Bi. Nyamizi akakabidhiwa nakala yake. Akaisoma, akaikunja mara nne, akaiweka kifuani. Kisha akaenda kwenye kaburi, akaisukuma miguu ya Waziri kwa fagio kama takataka, akaketi yeye juu ya jiwe.

Waziri alisimama. Akasema kwa sauti ya chini, isiyo ya kwenye bango hata kidogo, kwamba yeye ana saa yake na saa yake inasema kumi kasorobo, na ikifika kumi mifupa ya kajuza huyo itapakiwa kwenye gunia la saruji, na bintiye akipenda atapakiwa humo humo, kuna nafasi.

"Ingia na wewe humo," alisema Bi. Nyamizi. "Gunia halitajaa."

Wakati wanarushiana maneno, katibu alikuwa anafanya kazi yake. Karatasi za nchi ile zilikwenda pole pole, lakini habari ya kifo mlimani, kwa mujibu wa sheria, ilipandishwa kwa simu ya upepo papo hapo. Alikuwa ameshairipoti kwa mtendaji: amefariki mtu mmoja. Mtendaji akaona haya kupeleka maiti mmoja kwa katibu tarafa, tena kutoka mlima mkubwa kiasi kile. Akasema watatu. Katibu tarafa akasema saba. Mkuu wa wilaya akatia heshima ya wilaya. Simu ikaendelea kupanda, meza kwa meza, na kila meza ikaipasha moto.

Saa kumi kamili Waziri akawapungia vibarua. Mmoja akamshika Bi. Nyamizi mabega, naye akamng'ang'ania kwa meno. Wa pili akapiga sururu ya kwanza pembeni ya jiwe. Udongo ukaruka, ukamwangukia Bi. Nyamizi mapajani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumanne akatoa sauti ambayo haikuwa tusi. Akamwita mama.

Redio ya gari jeusi ikakatiza muziki. Ilipigwa ngoma ya msiba, ile inayopigwa wakubwa wakifa, na ikaja sauti ya Mkuu wa Nchi mwenyewe, imelowa.

Alisema taifa limepatwa. Alisema alasiri hii, katika Mlima Mkuu Kichuguu, wananchi mia nne na kumi na wawili wakiongozwa na shujaa Nyamizi wamepoteza maisha yao wakijaribu kukifikia kilele. Wale wawili wa mwisho, nadhani, walikuwa wa karani wa Ikulu. Alisema bendera zishushwe nusu mlingoti. Alisema kuanzia dakika hii kilele chote ni Makaburi ya Taifa, na mkono utakaochimba, utakaojenga au utakaohamisha hata kokoto, utakatwa.

Kibarua aliiweka sururu chini kama mtu anayeweka mtoto aliyelala.

Waziri alifungua mdomo. Katika nchi ile kila mtu alijua kuongeza, ila hapakuwa na mtu aliyewahi kupunguza. Hapakuwa na fomu yake. Angesema nini, na kwa nani? Kwamba Mkuu wa Nchi analia bure? Kwamba marehemu ni mmoja, na huyo mmoja ameketi mbele yake anakung'uta udongo mapajani? Akafunga mdomo. Akavua kofia. Mpiga picha wa wizara akasogea, na Waziri wa Miinuko akaanza kulia, na ukweli usemwe, alilia vizuri kuliko wote.

"Vua na viatu," alisema Bi. Nyamizi. "Umesimama juu ya mama."

Akavua.

Mashujaa mia nne na kumi na wawili walihitaji majina. Walianza na wale waliolala Kambi ya Tatu, maana walikuwa tayari hawana fahamu. Waliobaki walijazwa kutoka orodha ya wastaafu. Bwana Ngwandu alizinduka jioni, akashuka akichechemea na kiatu kimoja, na Jumatatu alipofika ofisini alikuta kiti chake kimewekwa shada la maua. Akasema yu hai. Wakamwonyesha faili. Akawasihi watazame, si wanamwona? Mtu mmoja aliinuka kwa heshima, akavuta pazia mbele yake, akawauliza wenzake kama bado wanamwona.

Naye Bi. Nyamizi hajashuka mpaka leo. Marehemu hafukuzwi makaburini. Amejenga kibanda ubavuni mwa mama yake, amechimba tanuri, anafinyanga. Kila mwaka, tarehe ya msiba, wakubwa hupanda kwa barabara ya nyuma, humwekea maua miguuni, humhutubia namna alivyokuwa mwema, na yeye husonga ugali wake huku anawatukana mmoja mmoja kwa cheo. Hawajibu. Maiti haijibiwi. Na biashara imempanukia, sasa hivi pale juu ana vyungu mia tatu, vimepangwa mpaka ukingoni, na moshi wa tanuri lake unaonekana mpaka mji mkuu.

Nilikuwa nimefika hapo, nikiisimulia habari hii kwa kinyozi, watu wote wamenyamaza na mashine imezimwa, wakati mtu aliyekuwa kwenye kiti, nusu ya kichwa imenyolewa, alipojigeuza na shuka lake shingoni. Sikuwa nimemtambua kwa povu. Ni Magembe, ambaye hushusha vyungu vya Bi. Nyamizi kwa baiskeli na kuvipeleka sokoni.

"Mzee," alisema, "mimi nimetoka kule jana. Vyungu ni kumi na tisa. Kimoja kina ufa."

Nikakohoa. Nikawaambia nilitia heshima kidogo tu, watu waelewe. Hapakuwa na aliyecheka. Kinyozi akasema, wembe ukiwa mkononi, kwamba hawa hawa ndio wanaotufikisha huku. Magembe akasema marehemu amelalamika maji ya kulowekea udongo yako chini na yeye yuko juu, na kwamba ingefaa mzee huyu apandishe ndoo moja kwa kila chungu alichokizidisha. Wakapiga hesabu, wakapata mia mbili themanini na moja. Wakapitisha bila meza hata moja.

Basi siku hizi mnaniona nachechemea kila asubuhi na ndoo kichwani, kwenye kilima kisichomchosha hata mbuzi. Marehemu hanisaidii kutua. Husimama mlangoni, mikono kiunoni, anahesabu kwa sauti, na nikikosea anarudia tangu mwanzo. Lakini sikati tamaa, deni linakwisha. Nimeshapandisha ndoo mia moja.

Haya, arobaini.

Haya basi. Tisa. Na ya tisa ilimwagika nusu njiani.